Mji wa Kale Mombasa kwa miguu: nyota tano

Meli yetu ya kitalii ilipofunga gati katika bandari ya Kilindini, abiria wengi walipanda mabasi ya mbugani. Mimi na mke wangu tulichukua tuktuk hadi Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno, tukapatana na mwongozaji mlangoni, mzee wa kanzu na kofia ya viua. Mzee huyu hana haraka, na hilo ndilo lililonikuna. Alitusimamisha kwa muda mrefu mbele ya michoro ya meli iliyoachwa ukutani na Wareno, kisha kwenye vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu iliyozama hapo chini mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Mke wangu alimuuliza maswali mpaka nikaona haya, naye akajibu yote.

Baadaye Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale: roshani za mbao, milango ya nakshi, viazi karai vya moto. Msikiti wa Mandhry tuliutazama kwa nje tu. Maduka ya vinyago yapite.

Kahawa chungu na kashata, usikose! Patana bei ya mwongozaji kabla ya kuanza, na uanze asubuhi. Saa sita jua huwa kali mno.