Sanduku-shule la UNICEF: maoni ya mwalimu aliyelitumia Kanyaruchinya

Makanisa na mashirika madogo yananiuliza kama inafaa kuomba lile sanduku la alumini lenye vifaa vya darasa. Ombeni. Ila mjue mnapewa nini.

Mimi nimelitumia Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, mashariki ya Kongo, kwa watoto waliokimbia Rutshuru waasi wa M23 walipoingia mji wa Kiwanja mwaka 2022. Darasa lilikuwa turubai juu ya mawe ya volkano. Hakuna dawati wala ukuta wa kutundikia kitu. Mahali pa namna hiyo ndipo unaona kwamba waliolibuni walifikiri: mfuniko unapakwa rangi iliyomo humo humo ukawa ubao, na jioni kila kitu kinarudi ndani, unatia kufuli. Kambini kufuli ni jambo kubwa.

Madaftari hayana pambizo, ili hata anayeandika kutoka kulia ayatumie. Sisi sote twaandika kutoka kushoto, lakini nafasi ile ya ziada tuliipenda, maana daftari moja lilikuwa la watoto wawili. Vifaa ni vya mwalimu mmoja na wanafunzi 40, kwa miezi 3 hivi. Nani kambini ana wanafunzi 40? Tulifundisha kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, na penseli tukazikata katikati.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni vichemraba vya kuhesabia. Mtoto wa darasa la nne aliyekosa mwaka mzima wa masomo hawezi kukopa kwenye kutoa. Mpe vichemraba, anaona mwenyewe kumi linavyovunjwa. Kabla ya hesabu walivijengea nyumba, wala sikuwakataza. Saa ya kufundishia kusoma wakati nayo ni nzuri. Redio, ile ya kuzungusha mkono au ya jua, kusema kweli ilisikilizwa zaidi na wazazi: wakati wa mapumziko walikuja kutafuta habari za vita Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa.

Sasa kasoro. Mfuniko ni mdogo, aliye nyuma haoni. Halafu hakuna kitabu hata kimoja cha programu ya Kongo. Kwa wadogo si neno, lakini darasa la sita wanangojewa na mtihani wa taifa, kwa Kifaransa, na sanduku haliwasaidii kitu. Hao tuliwatafutia vitabu vilivyotumika, kwa fedha zetu. Na mwalimu mwenyewe lazima ale; shirika linaloleta sanduku bila kufikiria posho yake litalikuta limefungwa.

Kwangu ni nyota nne kwa madarasa ya chini, mbili kwa la sita. Mkilipata, siku hiyo hiyo pitieni Birere, mtaa wa biashara wa Goma, mnunue chaki na penseli za kuongezea, na ombeni vifaa vya kujazia mapema, msingoje viishe. Mfuniko upakeni rangi jioni, chini ya turubai. Mvua ya Kanyaruchinya haikungoji ukauke.