Tahadhari: Wakala Anayeuza Safari za Meli za Ghuba kwa "Bei ya Wakazi"

Ndugu, jamaa na marafiki, ninaandika haya nikiwa na hasira, na aibu yangu ni kubwa kuliko hiyo hasira. Nimenyamaza tangu Februari 2025 kwa sababu sikutaka mjue kwamba mtu mliyezoea kumletea mahesabu ya vikoba na ya kamati za harusi alichukuliwa shilingi 7,056,000 mchana kweupe, akiwa ameketi kitini na kalamu mkononi. Wiki iliyopita nimesikia kwamba wakala yuleyule ameanza kukusanya malipo ya msimu mpya wa meli za Dubai, na kwamba wawili miongoni mwa watu wetu wameshatoa kianzio. Baada ya kusikia hivyo, kuendelea kunyamaza kungekuwa kumsaidia yeye.

Kwa nini Mama aliitaka safari ile, wengi wenu mnajua, na sitarudia hapa. Meli ilikuwa ianzie Dubai, ipite Abu Dhabi, kisha ishinde kutwa nzima Maskati katika bandari ya Matrah, na Mama mdogo angekuwa anatusubiri pale nje ya lango pamoja na wanawe. Tulikuwa twende watatu, yaani Mama, dada yangu na mimi, katikati ya Februari, kabla Ramadhani haijaingia.

Tulifika ofisini kwa kijana huyo wakala Jumamosi moja ya Septemba 2024, saa nne asubuhi. Ofisi ilikuwa na kiyoyozi, picha kubwa ya meli ukutani, na saa tatu zilizoandikwa Dar es Salaam, Dubai na London. Kijana aliinuka tulipoingia, akamwamkia Mama, "Shikamoo Bibi," akamvutia kiti chenye mto na kumwagiza mtu alete maji ya kunywa. Mama akamwitikia, "Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie." Mimi aliniita kaka mkubwa. Nikamweleza kwamba nimeiona bei kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe: dola 3,150 kwa watu watatu, chumba chenye roshani, usiku saba, kodi za bandari zikiwa zimo ndani. Hakunibishia hata kidogo. Aliigeuza kompyuta yake ituelekee, akafungua kurasa mbili kwa pamoja. Kushoto ilikuwa ile ile bei yangu ya dola 3,150. Kulia ilikuwa meli ile ile, tarehe ile ile, chumba cha daraja lile lile, na chini yake imeandikwa bei ya dirhamu 8,400, fedha ya Falme za Kiarabu.

"Kaka mkubwa, piga hesabu mwenyewe," akaniambia.

Nikatoa simu, nikagawa 8,400 kwa 3.67, kwa sababu nakijua kiwango cha dirhamu kwa dola tangu nilipokuwa nikienda Dubai kuchukua bidhaa. Nikapata dola 2,289 hivi. Ilikuwa tofauti ya zaidi ya dola 860 kwa safari moja. Akanieleza kwa utulivu kwamba bei ya kushoto ni ya mtu wa mbali, na ya kulia ni ya wakazi wa Ghuba, na kwamba yeye ana mwenzake Sharjah, jirani na Dubai, anayeziingiza nafasi kutokea kule. Kisha akavuta karatasi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Dirhamu kwa leo, 820." Akazidisha, akapata shilingi 6,888,000. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu ya bei ya tovuti nyumbani, dola 3,150 kwa shilingi 2,720 kila dola, na jibu lilikuwa shilingi 8,568,000. Nikaona nafuu ya shilingi 1,680,000, nikatikisa kichwa kukubali.

Hapo ndipo nilipoibiwa mara ya kwanza, na kila usiku narudi kwenye ile meza. Dakika chache kabla, mkono wangu huu ulikuwa umegawa kwa 3.67. Kama ningezidisha 820 kwa 3.67, ningeona kwamba ananiuzia dola moja kwa shilingi zaidi ya 3,000, siku ambayo benki waliiuza kwa shilingi 2,720 hivi. Dirhamu kwa haki ilikuwa shilingi 740. Nimekuwa mhasibu kwa miaka 22, na kuzidisha huko hakukuhitaji hata nusu dakika. Sikuzidisha kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ile nafuu, na kwa sababu Mama alikuwa amekaa pembeni yangu akiitazama ile picha ya meli.

Msinione mjinga bila kunisikiliza. Jambo aliloniambia kuhusu bei lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilinimeza. Kampuni za meli za kitalii huigawa dunia katika masoko, na kila soko lina bei yake, fedha yake, masharti yake ya kianzio na ya kughairi. Safari moja huweza kuuzwa kwa dola Marekani, kwa pauni Uingereza na kwa dola ya Australia kule Australia, na ukizigeuza zote kuwa fedha moja unakuta hazilingani. Wakati mwingine tofauti inatokana na vilivyomo ndani ya bei, kwa mfano kama ile ada ya kila siku ya wahudumu wa melini imeshajumuishwa au utadaiwa ukiwa safarini, na wakati mwingine ni biashara tu. Binamu yangu aliyeko London aliniangalizia safari yetu hiyo hiyo kwa pauni, na bei ikawa nyingine kabisa. Kwa hiyo kijana aliposema kwamba bei zinatofautiana kwa maeneo, alikuwa anathibitisha jambo nililokwisha kuliona kwa macho yangu.

Alichonificha ni kwamba bei ya wakazi huja na sharti la ukazi. Huko Florida, kwa mfano, wakazi wa jimbo huuziwa baadhi ya safari kwa bei yao, na hutakiwa kuonyesha uthibitisho wa makazi. Kampuni ina haki ya kukuomba uthibitisho kabla ya safari au pale pale gatini, na usipokuwa nao inaweza kukudai tofauti ya bei au kukuzuia usipande. Mtanzania mwenye pasipoti ya Tanzania, anayeishi Dar es Salaam, hawi mkazi wa Ghuba kwa sababu jina lake limechapwa kwenye kompyuta iliyoko Sharjah.

Niliomba nilipe kwa kadi. Akanishauri nisifanye hivyo, kwa kuwa shilingi zingegeuzwa kuwa dola, na dola kuwa dirhamu, na benki ingekata kila hatua. Hapo pia palikuwa na ukweli, maana mara nyingi kadi ya shilingi ikitumika kulipia bei ya dirhamu, kiwango cha benki hakimfurahishi mtu. Niliona amenionea huruma. Leo naelewa kwamba alikuwa ananinyima njia pekee ambayo ingeniwezesha kwenda benki kupinga malipo na kuomba yarudishwe. Nilimpa shilingi milioni mbili taslimu, na shilingi 1,444,000 nikazituma kwa simu kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu, si la ofisi. Jumla ilikuwa shilingi 3,444,000, nusu ya bei. Akanipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri. Mimi ambaye kazini humrudisha muuzaji mlangoni asipoleta risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni.

Katikati ya Desemba alinipigia simu jioni. Sauti yake ilikuwa ya masikitiko. "Kaka mkubwa, dirhamu imepanda dhidi ya dola, na leo hii naipata kwa 860. Tukichelewa hadi Jumatatu sijui itakuwaje." Nusu iliyobaki, dirhamu 4,200, ikawa shilingi 3,612,000. Nikalipa usiku ule ule.

Naomba mlisome neno lile pole pole: dirhamu imepanda dhidi ya dola. Dirhamu ya Falme za Kiarabu haipandi wala haishuki dhidi ya dola. Imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, kama ambavyo riali ya Omani nayo imefungwa kwenye dola kwa miaka mingi. Kwetu sisi, dirhamu inaweza kupanda pale tu ambapo shilingi yetu imeshuka dhidi ya dola. Na Desemba 2024 kilichotokea ni kinyume chake, kwa sababu shilingi iliimarika kwa nguvu ambayo sote tuliishangaa, na dola iliyokuwa 2,720 mwezi Septemba ikashuka chini ya shilingi 2,500. Hata tukiichukua dola kwa shilingi 2,450, dirhamu ilikuwa shilingi 667. Katika malipo yale ya pili peke yake alinizidishia zaidi ya shilingi laki nane, katika mwezi ambao nilistahili kulipa pungufu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezungumza na wenzangu kazini, wiki hiyo hiyo, juu ya kuimarika kwa shilingi.

Mwishoni mwa Januari akapiga tena. Sasa kampuni ilikuwa "inakagua nafasi" na inataka kitambulisho cha ukazi cha Falme za Kiarabu, au tuongeze shilingi 1,900,000 ndani ya siku mbili. Dada yangu ndiye aliyeniambia, "Kaka, waandikie wenye meli wenyewe." Nikawatumia barua pepe nikiambatanisha pasipoti zetu na namba ya nafasi tuliyopewa. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Nafasi ilikuwepo, kwa anwani ya Sharjah ambayo hatuijui. Kianzio kilicholipwa kilikuwa dirhamu 1,260. Salio halikulipwa kamwe, na nafasi ilifutwa tarehe 3 Januari, bila haki ya kurudishiwa kianzio. Dirhamu 1,260 hazifiki shilingi milioni moja. Fedha zetu zilizobaki hazikuwahi kuisogelea meli, na ile shilingi 1,900,000 alikuwa anaidai kwa safari ambayo alijua fika imekufa wiki tatu nyuma.

Tiketi za ndege tulikuwa tumezilipia, na viza za Dubai za kuingia zaidi ya mara moja pia, kwa sababu meli ikitoka kwenda Omani na kurudi unahesabiwa umeingia upya. Hasara hizo sikuzijumlisha kwenye zile milioni saba. Mama alikuwa ameshafunga mzigo wa Mama mdogo: karafuu, mdalasini, kanga jozi sita na visheti alivyovikaanga mwenyewe. Nilimwambia ukweli baada ya swala ya alasiri. Hakunilaumu. Aliniuliza tu nani atampigia mdogo wake kumwambia asiende bandarini, nami nikashindwa kumjibu.

Mtu huyu hastahili kuambiwa "tutayamaliza." Nimeshatumiwa wazee wawili waniombe tuelewane nje, nimewakatalia kwa heshima zote, na nitawakatalia wengine watakaokuja. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka saba. Nataka ashitakiwe, nataka afungwe, na nataka kila shilingi irudi, iwe kwa kuuza lile gari jeupe analolipaki mbele ya ofisi au kwa njia nyingine yoyote ya halali. Alimuamkia mama yangu shikamoo, akamkalisha kwenye mto, huku akijua anachokwenda kumfanyia. Mtu wa namna hiyo akiachwa kwa sababu ni kijana wa watu, mwaka huu atamfanyia mama wa mwenzetu mwingine.

Jina lake siliandiki hapa kwa sababu shauri liko polisi na mpelelezi ameniomba nisilitangaze. Mtamtambua kwa mwenendo wake. Bei anaitaja kwa dirhamu, lakini shilingi ndizo anazozipokea, kwa kiwango anachokiandika mwenyewe. Hataki kadi. Risiti ya EFD hana, na leseni ya wakala wa utalii, ile ambayo wengi bado wanaiita TALA, sikuiona ukutani wala sikuiulizia. Barua ya uthibitisho aliyotupa ilikuwa na namba ya simu yake yeye badala ya ya kampuni. Ukimdai uthibitisho wa malipo kutoka kwa wenye meli anakutumia picha ya skrini. Kama mmeshampa fedha, msimsubiri awapigie. Waandikieni wenye meli leo, wapeni namba ya nafasi na majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na waulizeni mambo mawili tu: kimelipwa kiasi gani, na nafasi imewekwa kwa bei ya wakazi wa wapi.

Wale wawili wenye kianzio kwake, pamoja na mwingine yeyote ambaye amenyamaza kama nilivyonyamaza mimi, naomba mnitafute kabla ya Ijumaa. Njooni na zile karatasi za muhuri, ujumbe wa simu wa kila muamala, na tarehe. Mpelelezi amesema kila mlalamikaji achukue RB yake mwenyewe, yaani namba ya taarifa ya polisi, na mimi nitakuwa kituoni kuanzia saa mbili asubuhi kumsindikiza atakayekuja.