Uzoefu wangu: kishikwambi cha GB 64, simu ya GB 256, na bei ya memori

Nina vifaa viwili ninavyovishika kila siku: kishikwambi cha inchi 10 chenye GB 64 na tundu la kadi, na simu janja ya GB 256 isiyo na tundu la kadi kabisa. Vimetoka kampuni mbili tofauti. Sizitaji, maana ninayotaka kuyasema yanazihusu karibu kampuni zote. Kioo cha kishikwambi hakina lawama, spika zinasikika vizuri, betri inamaliza siku. Habari yenyewe iko kwenye memori, yaani nafasi ya kuhifadhia vitu.

Cha GB 64 nilikichagua kwa makusudi. Tofauti ya bei kati yake na mwenzake wa GB 128 ilitosha kununua kadi kubwa na chenji ikabaki, nikaona hapo ndipo pa kubania. Kwa filamu, picha, muziki na vitabu hesabu hiyo imetimia: vyote vinakaa kwenye kadi na nafasi bado ipo. Kwa programu haikutimia. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, Android inaweza kuifanya kadi iwe sehemu ya memori ya ndani, ila mtengenezaji ana hiari ya kuufunga uwezo huo, na wa kwangu ameufunga. Kwa hiyo ramani, benki, programu za kuchati na michezo ya watoto vyote vinabanana ndani.

Na ndani kwenyewe hakuna GB 64. Mfumo endeshi na programu za kampuni, ambazo nyingine hazifutiki, zimeshajichukulia chao kabla hujawasha kifaa. Kwa hili wazalishaji wana historia. Surface Pro ya kwanza ilipokuwa inakaribia kuingia sokoni mwaka 2013, Microsoft wenyewe walisema toleo la GB 64 lingemwachia mtumiaji GB 23 tu. Siku hizi hali si mbaya kiasi hicho, lakini ukiwa dukani omba kifaa cha maonyesho, fungua mipangilio, tazama kilichobaki. Namba hiyo ndiyo unayoinunua. Kitu kimoja tu kisikutie wasiwasi: kadi ya GB 64 ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows itasoma kama 59.6. Hapo hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa mafungu ya 1,024.

Sasa bei. Watu wengi wanaamini kwamba ukilipa zaidi kwa memori kubwa unalipia chipu kubwa zaidi. Angalia iPad ya kwanza ya mwaka 2010 nchini Marekani: GB 16 kwa dola 499, GB 32 kwa dola 599, GB 64 kwa dola 699. Dola 100 za kwanza zinakuongezea GB 16, dola 100 za pili zinakuongezea GB 32. Kama bei ingefuata chipu, hatua hizo mbili zisingelingana hata siku moja. Mwaka 2014 ikaja iPhone 6: GB 16 dola 649, GB 64 dola 749, GB 128 dola 849. Ile ya GB 32, ambayo ingewatosha watu wengi, haikuwepo. Mimi naisoma hivi: ndogo iliwekwa ili tangazo liwe na bei ya kuvutia, na ikawekwa ndogo vya kutosha ili ukifika dukani uione haifai. Mchezo huo haukuishia kwa Apple, nimeukuta hata kwenye vishikwambi vya bei ya chini.

Ila si kila ongezeko la bei ni la bure, na hapa simu yangu ilinifundisha jambo. Inafungua programu papo hapo hata inapokuwa inapakua sasisho. Kishikwambi wakati kama huo kinaganda, unagusa kioo na kusubiri. Kichakataji si cha kulaumiwa peke yake. Simu ina memori ya aina ya UFS, kishikwambi kina eMMC. eMMC ni daraja la gari moja, ama isome ama iandike. UFS inasoma na kuandika kwa wakati mmoja. Kwenye boksi utaona GB tu, hizo herufi hazipo, inabidi uzitafute kwenye orodha ya sifa kwenye tovuti ya kampuni, na zisipotajwa huko mimi huchukulia kwamba ni eMMC.

Memori ikijaa mambo yanazidi kuharibika. Chipu za aina hii haziandiki juu ya data ya zamani. Ni lazima fungu zima lifutwe kwanza, na kama hakuna nafasi tupu, kifaa kinaanza kuhamisha vitu huku na huku kabla ya kuandika chochote. Nikiacha GB kumi hivi wazi, kishikwambi kinapumua. Ndiyo maana pia nimezima ile “RAM ya ziada” (RAM ni memori ya haraka ya programu zilizo wazi) inayotangazwa kwa mbwembwe, 4+4 au 8+8. Nusu ya pili ya hesabu hiyo si RAM, ni kipande cha memori ileile ya ndani, tena ya polepole.

Kuhusu kadi sina maneno mengi: tafuta yenye alama ya A1 au A2, yaani daraja la kasi ya kadi kwa kazi za programu, na ukishainunua ijaribu kwa programu za kupima kadi: H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Kadi bandia huonyesha GB 512 kwenye kompyuta, kumbe ndani ina GB 32, na utagundua picha zikishapotea.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama kifaa kilichotengenezwa Vietnam au India ni bora kuliko cha China. Maandishi yale ya nyuma yanakuambia kilipounganishiwa, basi. Chipu ya memori huenda ilitoka Korea Kusini kwa Samsung au SK Hynix, au Japani, kwenye kiwanda cha Kioxia cha Yokkaichi. Samsung walifunga kiwanda chao cha mwisho cha simu nchini China, kule Huizhou, mwaka 2019. Sijasikia mteja aliyesema simu zao zilibadilika kwa sababu hiyo, wala zilishuka bei. Watafiti Kraemer, Linden na Dedrick walipoichambua iPhone ya mwaka 2010 walikuta Apple inabaki na asilimia 58.5 ya bei kama faida, na ujira wa wafanyakazi wa China ni asilimia 1.8. Kwa bei kama hiyo, kuhamisha kiwanda kutafuta ujira nafuu hakumpunguzii mnunuzi kitu cha kuonekana. Kinyume chake pia kilijaribiwa. Motorola, ikiwa chini ya Google, iliunganisha Moto X Fort Worth, Texas, kuanzia mwaka 2013, ili mteja wa Marekani achague rangi na kuipata simu ndani ya siku chache. Mauzo yalikuwa madogo, gharama kubwa, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa kiwanda kitafungwa.

Kinachonishughulisha zaidi ni soko ambalo kifaa kiliandaliwa kuuzwa. Jina moja la simu linaweza kubeba namba tatu au nne za modeli, kila moja na masafa yake ya mtandao, na dhamana inayotambulika eneo fulani tu. Simu yangu niliilinganisha namba kwa namba na masafa ya mtandao ninaotumia kabla ya kutoa pesa, na 4G haijawahi kunisumbua.

Kishikwambi kijacho kitakuwa cha GB 128 chenye UFS, hata kama kioo kitapungua ubora kidogo. Tundu la kadi likiwepo nitalipokea. Simu naendelea nayo hadi masasisho ya usalama yatakapokoma.