Shawa ya umeme ya maji ya chumvi: wiki 6 kwa keja mpya, wacha niwaambie ukweli

Nimehama Julai. Najua, nani anahama Julai, lakini notisi ya nyumba ya Umoja, Eastlands, ilikuwa imeisha na landlodi hakutaka stori, so nikakodi kanta, godoro likafungwa na karatasi ya nailoni, tukavuka Nairobi nzima mpaka Uthiru na manyunyu ikitufuata tu njia yote. Watu wa Eastlands mniskize, hiyo baridi yenu mnalalamikia ni sampuli. Huku ukitoka nje saa kumi na mbili asubuhi unapumua moshi kama bodaboda mbovu.

Nyumba yenyewe ni poa, wan bedrum, ghorofa ya tano ambayo ndio ya mwisho, tailsi kila mahali (Julai tailsi ni adui, nunua slipa kabla ya sofa). Bafuni landlodi ameacha waya zimetokeza ukutani na ile swichi kubwa ya kamba yenye taa nyekundu, shawa ujinunulie. Wiki ya kwanza nilikuwa nachemsha maji na sufuria kwa gesi, na siku zingine nikizidiwa naoga pasipoti tu, uso, kwapa na miguu, naenda job. Keyateka, mzee mpole sana, akaniambia, "Madam, si uweke tu jiko la makaa ndani, hata nyumba ipate joto?" Nikamwambia mzee asante lakini hapana. Kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala na jiko ndani madirisha yamefungwa na hawakuamka. Ile hewa ya makaa haina harufu, haikupi hata nafasi ya kukohoa.

Basi Jumamosi nikashuka tao, River Road, nikaingia duka moja la vitu vya stima, nikasema nataka shawa ya maji moto. Jamaa akanitolea moja nyeupe, 2,800, akanifungia kwa gazeti, hakuniuliza swali hata moja. Na mimi pia sikuuliza, juu nilidhani shawa ni shawa. Fundi akaifunga, ikafanya kazi siku tatu vizuri tu. Siku ya nne nikishika mfereji nasikia kitu kinanikuna vidole, kama sisimizi hivi. Nikajiambia ni baridi. Kesho yake ikanikuna mpaka kwa kiwiko, nikaruka nje na povu kichwani, na jioni yake ikakufa kabisa, maji baridi tu kama ya Limuru.

Fundi akarudi, akazima breka, akaifungua. Ndani kuna koili ya waya imekaa uchi kabisa, maji yanapita juu yake hivi hivi, na hiyo koili ilikuwa imeota ganda jeupe kama la birika na imekatika katikati. Akafungua mfereji wa jikoni akachukua tone kwa kidole akaonja, akaniangalia vile daktari anakuangalia. "Madam, haya si ya kanjo. Haya ni ya kisima." Kumbe ploti yetu inatumia kisima cha kuchimbwa, maji ya kaunti yakija ni bahati, na maji ya kisima yana madini mob. Yakiwa na chumvi yanapitisha stima kuliko maji ya kawaida, so koili ikiwa uchi, ile stima inashuka na maji mpaka kwako. Na mimi dalili zote nilikuwa nazo, sabuni haitoi povu vizuri, chai ina ladha ya ajabu, sufuria ina utando mweupe, nikadhani ni mambo ya kuhama.

Kurudisha dukani? Walinionyesha risiti, imeandikwa kikishauzwa hakirudi. Nikasema sawa, hasara roho pesa makaratasi.

Sasa hii ya pili ndio narivyuu. Ni ile ya maji ya chumvi, imeandikwa hivyo kwa boksi, nimeitoa 3,900 duka lingine. Kwa macho zinafanana kabisa, tofauti iko ndani: koili imefungiwa ndani ya mrija, maji hayaigusi. Hiyo tu ndio unalipia hiyo 1,100 zaidi. Fundi kabla ya kuifunga akafungua ile swichi ya kamba na hapo ndo nilipata baridi ya ukweli, waya wa athi, ule wa kupeleka stima ardhini ikivuja, ulikuwa umekunjwa kwa kona, haujafungwa popote! Yaani wapangaji wote walionitangulia walikuwa wanaoga kwa imani. Akaufunga, akaangalia kama waya ni nene ya kutosha (hii kitu ni wati 5,500, kwa stima yetu ya volti 240 inavuta kama ampea 23, usikubali ifungwe na waya ya taa), akachukua 1,500 yake na chai. Mwambie fundi wako akuonyeshe athi kwa macho yako. Asikuambie tu "iko".

Joto je? Hapo lazima nieleze pole pole juu karibu niitupe pia. Siku ya kwanza nafungua mfereji wote, maji ni vuguvugu ya kukutusi. Nafunga kidogo, inazima kabisa. Nikampigia fundi simu nikiwa nimevaa taulo. Akacheka. Kumbe hizi shawa huwaka na presha, maji yakiingia yanasukuma kiraba fulani ndani, hicho kiraba kinagusanisha stima, unasikia "tak". Presha ikiwa ndogo hakisukumwi, hakuna stima. Na sisi wa ghorofa ya mwisho tenki ziko hapo tu juu ya kichwa, maji hayana mteremko wa kupata nguvu, wa chini ndio wanakula presha. Alafu ikishawaka, nguvu ya stima ni ile ile, so ukifungua maji mengi yanapita haraka hayashiki moto, ukipunguza yanachemka. Yaani unatafuta mahali katikati, karibu sana na kuzima lakini haizimi. Ilinichukua siku tatu na matusi kadhaa. Nilipopapata nikaweka doti ya rangi ya kucha nyekundu kwa mfereji na nyingine kwa ukuta, sasa naunganisha tu doti na doti, tak, maji moto mpaka kioo kinaingia ukungu. Ukiwa na presha mbaya kuliko yangu kuna zenye pampu ndani, bei yake imechangamka lakini hautahitaji rangi ya kucha.

Tokeni sasa. Wacha nisiwadanganye, inakula. Kuoga dakika 6 ni kama nusu yuniti, na mimi naoga asubuhi na jioni. Tokeni ya 500 ilikuwa inanifikisha wiki tatu, sasa ni siku kumi mita imeanza kulia. Na mnajua ukivuka zile yuniti 30 za mwezi bei ya kila yuniti nayo inapanda. Lakini nikipiga hesabu ya gesi ya kilo 6 niliyokuwa namaliza na sufuria za maji, na ule muda wa kusimama jikoni nikitetemeka kama kuku amenyeshewa, sijutii. Stima ikipotea ndio shida. Wiki iliyopita ilienda nikiwa na shampuu, nikamalizia na maji baridi huku naita mama, na yeye ako Kitui.

Kitu kingine, hata hii inaota ganda, si ndani sana lakini zile tundu ndogo za chini zinaziba. Kila wiki mbili hivi nazima breka, nafungua kile kisahani, nalaza usiku kwa siki, asubuhi nasugua na mswaki mzee.

Naipa nyota 4 kwa 5. Ile moja nimetoa juu ikiwaka taa za sebule zinafifia na inanguruma, mpaka jirani wa chini tulipokutana kwa ngazi mara ya kwanza, badala ya kuniambia karibu ploti, akaniuliza, "Wewe ndio ule wa kuoga saa kumi na moja?"