TAHADHARI KWA WAANDISHI: "Mchapishaji" anayekupigia simu akikisifia kitabu chako, kisha anaomba pesa

Kama umewahi kuchapisha kitabu, au una mswada unaoonekana mahali popote mtandaoni, simu hii au barua pepe hii itakufikia. Mtu mchangamfu anajitambulisha kuwa mhariri au wakala wa waandishi. Anasema amekisoma kitabu chako, kimemgusa, na kampuni kubwa ya uchapishaji inakitaka. Anaitaja kampuni ambayo jina lake unalijua. Simu ya kwanza haina habari ya pesa. Pesa huja katika simu ya pili au ya tatu, zikiwa zimevikwa majina ya heshima: ada ya maandalizi, ada ya usajili, mchango wa gharama. Pesa zikishatajwa, usijibu tena.

Ili usiyumbishwe, elewa kwanza pesa za vitabu hutoka wapi. Mchapishaji halisi ni mwekezaji. Ananunua haki ya kuchapisha, anawalipa mhariri, mbunifu wa jalada, mpangaji kurasa na msoma prufu, anagharamia uchapaji na usambazaji, kisha anazirudisha pesa zake kwa wasomaji wanaonunua nakala. Mwandishi hulipwa mrabaha, yaani asilimia ya mauzo ya kitabu chake, na mara nyingi hupewa malipo ya awali ambayo hukatwa kwenye mrabaha huo baadaye. Katika soko la vitabu vya Kiingereza, ambako ndiko matapeli wengi hudai wanatoka, mrabaha wa jalada gumu kwa kawaida huanza asilimia 10 ya bei na kupanda hadi 15, jalada laini huwa kati ya asilimia 5 na 8, na kitabu cha kielektroniki ni asilimia 25 ya kile mchapishaji anachopokea. Wakala huchukua asilimia 15 ya mapato ya mwandishi nyumbani, na 20 kwa haki zinazouzwa nje. Mwandishi asipopata, wakala naye hapati, ndiyo maana wakala mwaminifu halipishi ada ya kusoma mswada.

Sasa mtazame anayekulipisha wewe. Huyo ameshapata faida kabla msomaji hata mmoja hajanunua. Hana sababu ya kukihariri kitabu vizuri wala ya kukipeleka dukani, kwa kuwa mteja wake ni wewe, na wewe umeshalipa.

Kulipia huduma si kosa. Anayejichapishia mwenyewe humlipa mhariri na mbunifu wa jalada, na hiyo ni kazi halali yenye heshima yake. Lakini fundi wa namna hiyo hajiiti mchapishaji, hadai kwamba "amekuchagua", na akimaliza kazi anakukabidhi mafaili yote, haki zote zikiwa mikononi mwako. Tapeli anataka vyote viwili: umlipe kama fundi na umkabidhi haki kama mchapishaji.

Utapeli huu umestawi kwa sababu kazi yenyewe imebadilika. Uchapaji wa ofseti unadai kutengeneza sahani za kuchapia na kuandaa mashine kabla ya nakala ya kwanza kutoka, kwa hiyo nafuu hupatikana ukichapa mamia au maelfu kwa mkupuo mmoja, halafu uwe na ghala la kuyaweka. Teknolojia ya kuchapa kwa oda, iliyoanza kushika kasi Marekani kuanzia 1997, iliwezesha nakala moja ichapwe baada ya kununuliwa. Kisha 2007 Amazon ikaleta Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, pamoja na njia ya mwandishi kupandisha kitabu chake mwenyewe. Tangu hapo, kukiweka kitabu sokoni kunaweza kusigharimu chochote. Matapeli wanaishi kwa kuwauzia watu kile ambacho tayari ni cha bure, au kisichokuwepo kabisa.

Mfano ni "usajili wa kimataifa wa hakimiliki". Hakuna kitu hicho. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, kazi inalindwa tangu inapoandikwa, bila usajili. Katika nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, kusajili kuna faida ukienda mahakamani, lakini usajili huo unaufanya mwenyewe kwenye ofisi ya serikali. ISBN nayo, ile namba ya kitabu, hutolewa na ofisi rasmi ya kila nchi. Kwingine ni bure, kwingine inauzwa. Tangu Januari 2007 ina tarakimu 13, na sehemu yake ya tatu humtambulisha mchapishaji aliyepewa. Ukitumia ISBN ya kampuni fulani, kumbukumbu zote zitaionyesha kampuni hiyo kuwa mchapishaji, na ukiachana nayo utalazimika kutoa toleo jipya lenye namba nyingine. Tena, ISBN si cheti cha hakimiliki. Ni namba ya kutambulisha toleo, basi.

Mtego wenyewe huja kwa hatua. Kwanza sifa. Halafu barua yenye nembo ya kampuni kubwa, ikisema mswada "umepita hatua ya awali". Halafu kikwazo kidogo: kitabu kinahitaji kuhaririwa upya, au jalada gumu, au tovuti ya mwandishi, ili "kamati ya ununuzi" iridhike. Unalipa. Wiki mbili baadaye kuna habari njema na kikwazo kingine: mtayarishaji wa filamu amevutiwa, ila anahitaji muhtasari wa filamu ulioandikwa kitaalamu. Unalipa tena. Kisha "bima ya marejesho" ili maduka yakubali kitabu. Kisha kodi ya kuhamisha fedha ambazo tayari "zimeidhinishwa" kwa jina lako. Kila malipo yanaonekana kama ya mwisho, na kila moja linalindwa na lililotangulia, kwa kuwa mtu akishatoa kiasi kikubwa huona uchungu kuacha.

Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayofanana na kazi halisi. Mtayarishaji wa filamu ndiye humlipa mwandishi ili ashikilie haki za hadithi kwa muda, mara nyingi miezi 12 hadi 18, na muhtasari huandikwa na mtu wake kwa pesa zake. Kodi hukatwa au hulipwa baada ya pesa kupatikana; haitangulizwi kwa wakala. Na mchapishaji akitaka mswada uhaririwe, ana wahariri wake.

Maonyesho ya vitabu ni chambo kingine. Unaambiwa kitabu chako "kitawakilishwa" Frankfurt, maonyesho yanayofanyika kila Oktoba, au London. Kinachofanyika, kama kipo, ni nakala moja kusimamishwa kwenye rafu pamoja na mamia ya nyingine, ukatumiwa picha. Biashara ya haki za vitabu katika maonyesho hayo hufanyika mezani, kwa miadi iliyopangwa wiki nyingi kabla. Hakuna anayepita akiokota haki kutoka kwenye rafu.

"Kitapatikana katika maduka zaidi ya 40,000" ni ahadi inayowanasa wengi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Maana yake ni kwamba kitabu kimeingizwa kwenye katalogi ya msambazaji, na duka lolote linaweza kukiagiza. Kuweza kuagiza si kuweka rafuni. Duka linataka punguzo la karibu asilimia 40, jumla pamoja na msambazaji inaweza kufika 55, na linataka haki ya kurudisha nakala zisizouzika. Kitabu cha kuchapwa kwa oda chenye bei ya juu, punguzo dogo na kisichoruhusu marejesho hakitaagizwa, hata kikiwa kizuri namna gani.

Hapo ndipo pia mzaha wa "mrabaha wa asilimia 50" unapofichwa. Asilimia 50 ya nini? Chukua kitabu cha bei ya 100. Toa punguzo la 55, zinabaki 45. Toa gharama ya uchapaji, tuseme 30, zinabaki 15. Nusu yake ni 7.5. Kama mkataba unaruhusu kukata pia "gharama za utawala" zisizotajwa kiasi, inaweza kuwa sifuri. Ungejichapishia na kubaki na zile 15 zote. Uliza kila mara: asilimia hiyo ni ya bei ya jalada au ya kinachobaki, na kinachobaki baada ya kukatwa nini hasa?

Soma mkataba kabla ya kusaini, na usome vipengele vichache kwa jicho kali. Cha kwanza ni muda. Kukabidhi haki "kwa muda wote wa hakimiliki" ni kuzikabidhi maisha yako yote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwako, 70 katika nchi nyingi. Wachapishaji wakubwa nao huomba hivyo, lakini wamelipa, na mkataba wao huwa na kipengele cha kurudisha haki. Cha pili basi ni hicho cha kurudisha haki. Zamani haki zilirudi kitabu kilipokwisha sokoni. Kwa kuchapa kwa oda, kitabu hakimaliziki sokoni kamwe. Daima nakala moja inaweza kuchapwa. Kwa hiyo lazima kipengele kitaje idadi: nakala zikiuzwa chini ya kiasi fulani ndani ya miezi 12, haki zinarudi kwa mwandishi akiandika barua kuomba. Bila idadi, umefungwa. Cha tatu ni wajibu wa kununua. Kampuni nyingine hazidai ada yoyote mwanzoni, zinakubana tu ununue nakala 200 au 300 za kitabu chako mwenyewe kwa bei wanayoipanga wao. Jina limebadilika, ada ni ileile. Cha nne ni mafaili: jalada na kurasa zilizopangwa ni mali ya nani mkitengana? Wengi hugundua wamelipia jalada wasiloruhusiwa kulitumia.

Kasi ya jibu nayo inasema mengi. Mhariri wa kweli hasomi kurasa 300 kwa siku mbili na kutoa ofa. Katika kampuni kubwa, mswada hupita kwa wahariri, mauzo na hesabu, na kutoka mkataba hadi kitabu kutoka ni mwaka mmoja hadi miwili. Mwaka 2004 waandishi kadhaa wa Marekani walitunga kwa makusudi mswada mbovu kupindukia, wenye sura iliyorudiwa neno kwa neno, sura isiyokuwepo, na nyingine iliyotungwa na programu ya kompyuta. Wakautuma kwa kampuni iliyojinadi kuwa inachagua miswada. Ukakubaliwa. Ofa iliondolewa baada ya waandishi kujitokeza hadharani mapema 2005.

Siku hizi matapeli hawahitaji hata kuanzisha jina lao. Wanavaa la mwingine. Mtu mmoja aliyefanya kazi katika uchapishaji, aliyekamatwa New York Januari 2022 na baadaye kukiri kosa, alitumia zaidi ya anwani 160 za tovuti bandia kujifanya wahariri na mawakala halisi, akakusanya zaidi ya miswada 1,000. Mbinu mojawapo ilikuwa kuandika "rn" mahali pa "m", herufi ambazo zikisomwa haraka hufanana. Kwa hiyo usitazame jina linaloonekana juu ya barua pepe. Tazama kilichoandikwa baada ya alama ya @, herufi kwa herufi; kisha fungua tovuti rasmi ya kampuni kwa kuitafuta mwenyewe, chukua anwani iliyopo pale, na uulize kama mtu huyo aliandika kweli. Usitumie namba wala kiungo alichokutumia yeye. Na jua kwamba Amazon haipigii waandishi simu kuwauzia uchapishaji. Kupandisha kitabu kwenye mfumo wake hakulipiwi.

Sifa zenye undani si ushahidi tena. Zamani barua ya tapeli ilijulikana kwa maneno ya jumla. Sasa akili mnemba inachukua maelezo ya kitabu chako na kutoa aya tatu zinazomtaja mhusika mkuu kwa jina na kusifu mandhari. Wengine hujifanya vikundi vya usomaji vyenye maelfu ya wanachama, na kuomba "mchango" ili kitabu chako kijadiliwe. Kikundi halisi cha usomaji hununua vitabu, hakimtozi mwandishi.

Msidhani ni hasara ndogondogo. Mwishoni mwa 2024 watu watatu walikamatwa Marekani, na waendesha mashtaka wakadai kwamba waandishi zaidi ya 800, wengi wao wazee, walipoteza jumla ya dola milioni 44 kwa ahadi za namna hii. Kabla ya kusaini au kulipa, litafute jina la kampuni pamoja na neno "malalamiko", kisha lisake katika orodha za Writer Beware, huduma ambayo tangu 1998 imekuwa ikifuatilia utapeli huu chini ya chama cha waandishi wa hadithi za sayansi na njozi cha Marekani.

Kama umeshalipa, anza na benki leo hii. Malipo ya kadi yanaweza kupingwa, lakini muda una kikomo. Pesa zilizotumwa moja kwa moja kwenye akaunti ni ngumu zaidi kurudi, na kila saa inayopita inazidi kuzificha. Hifadhi barua pepe nzima, risiti, mkataba na namba za simu. Andika barua fupi ya kuvunja mkataba, udai haki zako zirudishwe na kitabu kiondolewe sokoni, uweke tarehe. Ripoti polisi, hata kama kiasi ni kidogo.

Na ujiandae kwa simu moja zaidi. Majina ya waliotapeliwa huuzwa kutoka genge moja hadi jingine, kwa hiyo baada ya miezi michache atapiga mtu anayejiita mwanasheria au ofisa wa kurejesha fedha. Atakijua kiasi ulichopoteza mpaka senti, na jina la aliyekuibia. Atasema pesa zako zimepatikana, zinasubiri ada ya mahakama tu. Huyo naye ni tapeli.