Habitica: miezi saba ya kufa, kufufuka na kulisha kaktasi

Nimeitumia Habitica, apu ya simu ya kujenga tabia, miezi saba sasa, naona nishapata haki ya kuisema. Mi ni yule mtu wa kuanza mwaka na daftari jipya, malengo kumi na mbili kwa kalamu za rangi, wiki ya tatu daftari limeshakuwa la kuandikia namba za simu. Apu za kujenga tabia nimepakua nyingi, zote zina sura ya mwalimu wa zamu, ukikosa siku moja hesabu yako inarudi sifuri na unabaki unaiangalia ile sifuri kama umefiwa.

Hii ni gemu kabisa, zile za kizamani zenye picha za vibokisi vibokisi. Unatengeneza mtu wako, unamchagulia nywele na nguo, halafu maisha yako ndo yanamwendesha. Ukifanya zoezi, ukisoma kurasa zako tano, unaweka tiki yeye anapata pointi na dhahabu, usipofanya yale ya kila siku basi siku ikigeuka anapungua damu. Anaanza na damu 50. Ikiisha anakufa, na kufa kwenyewe ni kushuka leveli moja, dhahabu yote kwisha na kunyang'anywa kitu kimoja ulichonacho. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na upanga niliojinyima siku kadhaa kuununua, naamka asubuhi upanga hamna, na kilichoniua ni nini? Kutonyoosha mgongo na kutompigia mama simu. Nilicheka peke yangu kitandani kama chizi, halafu nikampigia mama.

Kosa hilohilo kwenye daftari lingenikaa rohoni siku nzima, ningeanza kujiambia we ndo ulivyo, hukamilishi kitu. Hapa unafufuka unaendelea, upanga utaununua tena.

Halafu kuna wanyama. Ukiwa unaweka tiki zako unaweza ukadondokewa na yai au dawa ya kuangulia, hujui lini, unachanganya yanatoka mbwamwitu, dragoni, nguruwe anayeruka, na kaktasi. Ndiyo, kaktasi inatoka kwenye yai, unailisha mpaka inakua unaipanda kama farasi, usiniulize unaikalia vipi. Mtu mzima mimi naamka saa kumi na moja alfajiri nikafanye zoezi ili nipate cha kulisha mmea wa miiba. Sijivunii, lakini naamka.

Kinachonoga zaidi ni kuingia na watu unaowajua. Sisi tuko wanne, tunapigana na bosi mmoja, yaani dubwana la ndani ya gemu, na mmoja akizembea kazi zake bosi anatupiga wote. Kwa hiyo asubuhi kwenye grupu ni "jamani nani jana hakuosha vyombo, nimebaki na damu sita". Huwezi kukasirika. (Ukiumwa au ukisafiri kuna sehemu ya kusimamisha madhara, itumieni, sio aibu.)

Ila sasa, apu inaamini chochote unachoiambia, na hapo mi nikajiharibia mwenyewe. Ukifika leveli ya 10 unachagua uwe mpiganaji, mchawi, mganga au mwizi, basi mimi kwa tamaa ya kufika nikaanza kujiandikia vikazi vya kijinga, kunywa maji, kutandika kitanda, kunywa maji tena, natiki tu kama karani. Leveli zinapanda, kitabu sijagusa wiki mbili. Kuna jaribio maarufu la Marekani la mwaka 1973, watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora waliahidiwa cheti wakichora, baadaye walipoachiwa kalamu bila ahadi wakachora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa tu hawakupungua. Labda ndo maana mayai yananifurahisha mpaka leo na dhahabu ilishanichosha, yai silitegemei.

Nikafuta vyote nikabakiza vitano. Na ile sehemu ya kujiwekea zawadi, unaandika mwenyewe zawadi na bei yake ya dhahabu, nikatoa zile za maana nikaweka upuuzi: kucheza wimbo mzima mlango umefungwa, dhahabu 10, kuchora picha ya bosi wa kazini vibaya kwa makusudi, dhahabu 15. Hii ya pili ndo nainunua kila Ijumaa, na nimeanza kupenda kuchora, kitu ambacho hakikuwemo kwenye malengo yangu kumi na mbili ya mwaka wowote.

Kuitumia ni bure, kuna malipo ya hiari ya mapambo na vikorokoro, sijawahi kulipa na sijakwama. Kama we ni mtu unayetaka grafu na ripoti za maendeleo yako utaiona ya kitoto, na ni ya kitoto kweli.

Nyota nne. Ya tano tutaongea baadaye, saa hizi nimebaki na damu nane na badala ya kunyoosha mgongo nimekaa hapa naandika, wenzangu watatu wataniua.