Wagagai kwa njia ya Sasa: magoti yangu bado yanalalamika

Nimerudi Busia juzi kutoka Wagagai, kilele cha Mlima Elgon upande wa Uganda, na wacha niandike sasa hivi kabla maumivu hayajaisha, maana yakiisha nitaanza kudanganya watu eti ilikuwa rahisi.

Tulikuwa wanne, siku nne, tukapandia Budadiri, inakoanzia njia inayoitwa Sasa. Ukifika Mbale unaingia taksi mpaka Budadiri, ofisi ya hifadhi iko hapo, unalipa, unapewa renja mwenye bunduki (kila mtu anamwita afande tu) na wabeba mizigo unawapata hapohapo. Beba kitambulisho! Raia wa Afrika Mashariki halipi kama mzungu, tofauti si ndogo.

Afande aliangalia miguu yangu akauliza, "Ndugu, na hivyo viatu unaenda harusini?" Nilikuwa na raba mpya nyeupe. Akaniambia ninunue gambuti pale sentani, nikajifanya najua. Sasa angalia, wabeba mizigo wote wamevaa gambuti, mzee mmoja wa miaka kama sitini hivi ana kilo zangu kichwani na anapiga stori na simu, mimi mwenye raba natafuta pumzi, na hapo hata msitu hatujaingia bado tuko kwenye mashamba ya kahawa na ndizi watoto wanatupigia kelele "mulembe! mulembe!"

Siku ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, mtu asikudanganye. Budadiri iko kama mita 1,250 na kambi ya Sasa iko 2,900, zote hizo unazimaliza kwa siku moja. Katikati kuna ukuta wa mawe, Mudangi, unaupanda kwa ngazi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kila kipago kina tope la gambuti za waliotangulia, na raba yangu ikateleza nikabaki nimening'inia kwa mikono miwili kama nguo kwenye kamba. Mzee akashuka, akashika kisigino changu, akakiweka kwenye kipago kwa mkono wake kama anavalisha mtoto kiatu. Hakucheka. Alicheka baadaye jioni, tena sana.

Ukimaliza ukuta unaingia kwenye mianzi, na hapo kama umekulia upande huu unaanza kuwaza malewa. Wamasaba, wenyeji wa mlima huu, wanachukua machipukizi ya mianzi, wanayakausha kwa moshi, halafu yanapikwa na binyebwa (karanga za kusaga). Sisi tulikula posho (ugali) na maharage, lakini tuliporudi Mbale malewa ndiyo kitu cha kwanza nilichoagiza.

Kilichoniudhi hakina uhusiano na mlima. Hema nililokodi mjini kwa jamaa fulani lilikosa fito moja, na yeye aliniapia amelihesabu mwenyewe. Mzee akachomeka fimbo yake ya kutembelea mahali pa fito, tukalala hivyo usiku wote mitatu. Kwa hiyo ukikodi, lisimamishe hema lote mbele ya mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi.

Kambi ya pili ni Mude, karibu mita 3,500. Baridi ya huko siyo ile ya Kabale unayoisikia kwa watu. Nililala na soksi mbili, koti na kofia na bado meno yalikuwa yanagongana, chupa ya maji nikaingia nayo ndani ya blanketi kwa kuogopa asubuhi nisipate maji ya kunywa.

Siku ya tatu tukatoka gizani na tochi. Miti ya kule juu ni ya ajabu, senesio zimesimama kwenye ukungu na vichwa vyao kama kabichi kubwa, ukiwa mbali unadhani ni watu wanakusubiri. Wagagai yenyewe ni mita 4,321. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, kwa hiyo ukifika juu unaangalia ndani ya kaldera, bakuli la kama kilomita 8 toka ukingo huu mpaka ule, na Kenya iko hukohuko ng'ambo. Ukungu ulifunguka kama dakika kumi tu ukafunga. Nililia kidogo, nitasema ni upepo.

Kama una umri au magoti ya kubahatisha, chukua njia ya Sipi kupitia Kapkwai, inaanzia juu zaidi na haina kile kiukuta, halafu ukishuka maporomoko ya Sipi yako karibu. Au fika Kapkwai tu utembee msituni siku moja uone mbega, si lazima kila mtu afike kileleni. Nenda miezi ya kiangazi, Desemba mpaka Machi au Juni mpaka Agosti. Beba pesa taslimu za kuwashukuru wabeba mizigo, wanastahili kuliko sisi tunaopiga picha.

Mimi nawapa nyota tano, nne za mlima na moja ya mzee. Zile raba nilimwachia kijana pale Budadiri, nikapanda taksi ya Mbale nimevaa gambuti, konda akaniuliza kama natoka shambani.